Utafiti wa sheria kwa vitendo: mwongozo kwa mwanafunzi aliye chini ya msimamizi

Kila msimu wa utafiti unapofika vyuoni, mada zilezile hurudi mezani kwa wasimamizi. "Changamoto za utekelezaji wa sheria za ardhi nchini Tanzania." "Haki za mwanamke katika mirathi." "Nafasi ya mahakama katika kulinda haki za binadamu." Si mada mbaya, ila ni kazi ya kamati nzima ya Bunge, si ya mtu mmoja mwenye miezi michache, nauli ya kuungaunga na vipindi vinavyoendelea. Mwisho wake tunaujua: sura nne za kunakili vifungu, sura ya tano yenye mapendekezo lukuki kwa Serikali, na msomaji hajapata jambo ambalo hakulijua kabla.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufanya utafiti wa vitendo, yaani ule unaoanzia kwenye kifungu cha sheria, ukaenda kuangalia kifungu hicho kinavyofanya kazi barazani, mahakamani au ofisini, kisha ukarudi na jibu. Ili tusiongee hewani nitashika mfano mmoja tangu mwanzo: usuluhishi wa migogoro ya ardhi katika Mabaraza ya Kata, Tanzania Bara, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kuyaachia kazi ya kusuluhisha tu, kabla shauri halijafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama mada yako ni dhamana ya polisi, talaka au mikataba ya ajira, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Tafuta swali ambalo jalada linaweza kulijibu

Hapa ndipo tafiti nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: fikiria umekaa masijala, karani amekuwekea jalada moja mbele yako. Utafungua ukurasa gani, utaangalia nini, na utaandika nini kwenye daftari? Ukishindwa kujibu, swali lako bado halijaiva. "Je, Mabaraza ya Kata yana ufanisi?" halina ukurasa wa kufungua. Lakini angalia hili: "Katika mashauri ya ardhi yaliyofunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya fulani ndani ya mwaka mmoja, mangapi yalikuja na cheti cha Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, mangapi yalikuja bila cheti, na pale pingamizi lilipowekwa, liliamuliwaje?" Swali hili lina mahali, lina muda, na kila kipande chake kinaonekana kwa macho ndani ya jalada.

Mada huwa haitoki kichwani peke yake. Isake kwa watu. Nenda kwenye kliniki ya sheria ya chuo chako, au kwa wasaidizi wa kisheria wa kata unayoishi, uwaulize jambo moja tu: ni kitu gani mnaulizwa kila wiki na hamna jibu la uhakika? Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1967, imekuwa ikipokea watu wenye shida halisi kwa miongo mingi, na karibu kila chuo chenye kitivo cha sheria leo kina kitu cha aina hiyo. Wanaokaa kwenye madawati hayo wanajua sheria inakwama wapi kuliko orodha yoyote ya mada iliyobandikwa ubaoni.

Ukishapata swali, likate. Wilaya moja badala ya mkoa. Mwaka mmoja au miwili badala ya "tangu uhuru". Mwanafunzi hupenda kuongeza nchi ya pili ili kazi ionekane nzito, hasa Kenya, kwa sababu hukumu zake zinapatikana kirahisi mtandaoni. Mwulize anayetaka kulinganisha: kulinganisha nini hasa, na kwa faida gani? Asipokuwa na jibu la sentensi moja, aachane nayo.

Hatua ya 2: Panga na msimamizi kabla hamjachelewa

Msimamizi si mhariri wa siku ya mwisho. Kikao cha kwanza kiwe cha kukubaliana mambo ya kawaida kabisa: mtaonana kila baada ya muda gani, akipokea sura atahitaji siku ngapi kuirudisha, anapenda kusoma kwenye karatasi au kompyuta, na barua za utambulisho zinasainiwa na nani asiposafiri na akisafiri.

Nenda kila kikao na ukurasa mmoja: nilichofanya, nilipokwama, ninachoomba. Mkitoka hapo, mwandikie siku hiyohiyo. Mfano: "Habari za jioni, Dkt. Nashukuru kwa nafasi ya leo. Nilivyoelewa: nibaki na wilaya moja, niache suala la mirathi, nikuletee fomu ya kuchukulia taarifa kabla sijaenda masijala. Kama kuna mahali sikuelewa sawasawa, naomba unirekebishe." Ujumbe huo wa mistari michache huokoa ugomvi wa "mimi sikukuambia hivyo" mwezi mmoja kabla ya kuwasilisha.

Mpelekee vitu vidogo mapema. Fomu ya ukurasa mmoja, uchambuzi wa kifungu kimoja, majalada matano ya mwanzo. Msimamizi anayepokea kurasa themanini kwa mpigo atasoma kumi, na hana kosa. Akikaa kimya, mkumbushe kwa adabu baada ya wiki. Kimya kikiendelea, kwa mratibu wa utafiti wa kitivo ndiko pa kwenda, si kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Hatua ya 3: Soma sheria yenyewe, neno kwa neno

Usianze na vitabu wala makala. Anza na sheria, tena toleo sahihi. Sheria za Tanzania zimefanyiwa urekebu mara kadhaa. Utakutana na Toleo la 2002, la 2019 na sasa la 2023, na namba za vifungu zinaweza kusogea kati ya toleo na toleo. Hukumu ya mwaka 2015 inayotaja kifungu fulani haizungumzii lazima kifungu chenye namba hiyo leo. Andika toleo kila unapotaja sheria.

Sasa tuone kwa mfano wetu. Mabaraza ya Kata yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002, Sura ya 216, ikayapa kazi kwenye migogoro ya ardhi. Kwa sheria hiyo baraza lina wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kwa muda mrefu lilikuwa na uwezo wa kusikiliza na kuamua mgogoro ambao thamani ya ardhi haizidi shilingi milioni 3. Kisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3) ya 2021 ikaliondolea uwezo wa kuamua. Leo Baraza la Kata linasuluhisha tu.

Kifungu cha 13(4), kama kilivyoandikwa na marekebisho hayo, ndicho kiini. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri linalogusa umiliki au maslahi katika ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kuwa limeshindwa kusuluhisha. Halafu kinafungua dirisha: Baraza la Kata likishindwa kumaliza ndani ya siku 30 tangu mgogoro ulipofikishwa kwake, anayelalamika anaweza kwenda wilayani bila cheti.

Mwanafunzi mvivu husoma hapo, akaandika "sheria inataka usuluhishi kwanza", akafunga kitabu. Wewe kaa na kalamu. Nani anasaini huo uthibitisho, katibu, mwenyekiti, au wajumbe wote? Upo kwenye fomu maalumu au ni barua yoyote? Siku 30 zinahesabiwa tangu mgogoro ulipofikishwa, je, kuna rejista katani inayoandika tarehe hiyo? Mlalamikiwa asipofika hata siku moja, hapo usuluhishi "umeshindwa" au haujaanza? Na kijijini ambako kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lile la watu saba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, muda uliotumika huko unahesabika? Kila swali kati ya hayo ni safu kwenye fomu yako ya kukusanyia taarifa. Utafiti wote unaweza kutoka kwenye aya moja ya sheria iliyosomwa taratibu.

Hatua ya 4: Hukumu, na tahadhari zake

TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ndiyo dawati lako la kwanza, ni bure, na ina hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu pamoja na vitengo vyake. Tafuta kwa jina la sheria na namba ya kifungu, kisha kwa maneno yanayotumika mahakamani kwenyewe. Hukumu nyingi bado ziko kwa Kiingereza, ingawa tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama na hukumu za Kiswahili zinaongezeka, kwa hiyo tafuta kwa lugha zote mbili.

Tahadhari ya kwanza: soma hukumu hadi mstari wa mwisho. Mfano mzuri ni Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983. Kila mwanafunzi anaitaja kwa kanuni yake kubwa, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kanuni ni kweli. Lakini wapo wanaoandika kwamba Bi Hawa alishinda na kupewa sehemu yake ya nyumba, kwa sababu waliishia kwenye nukuu waliyoikuta kwa mtu mwingine. Bi Hawa alishindwa rufaa hiyo: mahakama iliona kwamba mumewe alishampa fedha za kuanzishia biashara ya familia naye akazitapanya. Mtahini anayeijua kesi hiyo akikuta umeandika kinyume, hataamini tena nukuu yako yoyote.

Tahadhari ya pili: linganisha tarehe ya hukumu na tarehe ya sheria. Katika Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, Rufaa ya Madai Na. 55 ya 2017, Mahakama ya Rufani ilikabiliwa na hoja kuhusu muundo wa Baraza la Kata lililosikiliza shauri. Ikaegemea kifungu cha 45 cha Sura ya 216, ambacho hakiruhusu uamuzi kutenguliwa kwa dosari ya utaratibu isipokuwa dosari hiyo imeharibu haki, na ikasisitiza haki ya msingi kuliko ufundi wa taratibu. Hukumu hiyo hutajwa sana. Lakini ilitolewa wakati Baraza la Kata bado linaamua mashauri. Leo baraza ni msuluhishi tu, na kukosekana kwa cheti kunagusa mamlaka ya baraza la wilaya kusikiliza shauri, jambo tofauti na dosari ndani ya mwenendo. Je, kifungu cha 45 kinaweza kumwokoa aliyekuja bila cheti siku ya kumi? Hapo ndipo uchambuzi wako unapoanza kuwa wako. Majaji wa Mahakama Kuu wanaweza kutofautiana kwenye hoja mpya. Ukikuta misimamo miwili, iweke yote miwili, usichague unayoipenda ukaificha nyingine.

Na hili la programu za akili unde. Zitumie kutafuta pa kuanzia ukipenda, lakini usiandike kesi ambayo hujaifungua kwa macho yako. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo programu ilizitunga, majina, namba na nukuu zote. Mawakili wenye leseni, si wanafunzi.

Hatua ya 5: Barua na vibali

Anza mapema kuliko unavyodhani. Mtiririko wa kawaida ni huu: kitivo kinakuandikia, chuo kinatoa barua ya kibali cha utafiti, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa au wa Wilaya, ofisi hiyo inakuandikia barua ya kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, naye anakupeleka kwa Mtendaji wa Kata. Kwa majalada ya Baraza la Ardhi na Nyumba omba kwa Mwenyekiti wa baraza hilo. Kwa mahakama, kwa Naibu Msajili au Hakimu Mfawidhi. Zanzibar ina mamlaka yake na kibali chake, na mtafiti asiye raia ana utaratibu wa COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Kila ofisi unayopita, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usimruke Mtendaji wa Kata hata kama mwenyekiti wa baraza ni jirani yenu. Siku mtu atakapouliza "huyu kijana anayeuliza habari za viwanja ametumwa na nani?", muhuri wa Mtendaji ndio utakaojibu. Habari za ardhi zinazua maneno upesi, na uchaguzi ukikaribia zinazua zaidi.

Hatua ya 6: Masijala

Hapa kuna mtego ambao hauandikwi kwenye vitabu vya mbinu za utafiti. Ukimwambia karani "naomba majalada thelathini ya mwaka jana", atakuletea majalada mazuri: yaliyokamilika, yenye kurasa zote, yenye hukumu iliyochapwa. Hafanyi hila, anakusaidia. Ila matokeo yako yataonyesha baraza ambalo halipo. Omba rejista kwanza. Hesabu mashauri yote ya mwaka, kisha chagua kwa kanuni, mathalani kila la tano, na uombe hayo kwa namba. Jalada lisilopatikana liandike kwamba halikupatikana. Idadi ya majalada yaliyokosekana ni matokeo, tena wakati mwingine ndiyo yanayosema zaidi kuliko yote.

Fomu ya kuchukulia taarifa iwe ya ukurasa mmoja kwa kila jalada. Kwa mfano wetu ningeweka: namba yangu ya siri ya jalada; tarehe mgogoro ulipofikishwa katani; tarehe ya cheti na nani kasaini; tarehe shauri lilipofunguliwa wilayani; siku zilizopita katikati; pingamizi la awali liliwekwa au hapana; liliamuliwaje na kwa sababu gani; wadaawa, yaani pande za shauri, walikuwa na wakili au hapana; na mwisho nafasi tupu ya "mengineyo". Jina la mtu lisiwemo. Namba halisi ya jalada na namba yako ya siri zikae kwenye daftari lingine, unalolifungia.

Jaribu fomu kwenye majalada matano, kisha rudi kwa msimamizi. Utagundua safu mbili hazijazwi kamwe na kuna jambo moja linajirudia ambalo hukulitegemea. Pengine cheti chenyewe hakina tarehe ya kufikishwa kwa mgogoro, na bila tarehe hiyo huwezi kuhesabu siku 30. Hilo si pengo la kuficha. Kama vyeti havibebi tarehe, basi mwenyekiti wa wilaya naye hawezi kujua kwa kuangalia cheti kama muda ulizingatiwa, na una aya nzima ya uchambuzi.

Usipige picha kurasa bila ruhusa ya maandishi, usitoe jalada nje ya chumba, na usimwache karani akusubiri saa ya kufunga.

Hatua ya 7: Mahojiano

Jalada litakuambia nini kilitokea. Kwa nini kilitokea, waulize watu: katibu wa baraza, wajumbe, wadaawa waliokubali, mawakili wa eneo hilo. Wachache waliochaguliwa vizuri wanatosha.

Maswali ya dodoso la "unakubali kwa kiasi gani" hayafai hapa. Ukimwuliza katibu wa Baraza la Kata, "Je, sheria inatekelezwa ipasavyo?", atakwambia inatekelezwa ipasavyo, na ungekuwa yeye ungejibu hivyohivyo. Mwombe asimulie. "Mzee wangu, shauri la mwisho lililoshindikana hapa, lilikujaje? Nani alianza kuongea? Mliandika wapi? Cheti kilitoka baada ya muda gani?" Mtu akisimulia shauri moja tangu mwanzo, utaratibu wote unajitokeza wenyewe, pamoja na yale asiyodhani kuwa ni makosa: kwamba cheti hutolewa baada ya mtu kulipia karatasi, au kwamba mlalamikiwa huitwa mara tatu kabla ya kuhesabiwa kuwa hakuja. Nyamaza baada ya jibu. Jibu la pili ndilo lenye nyama.

Kabla ya kuanza eleza wewe ni nani, unafanya nini, kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati, na jina lake halitaandikwa. Asaini fomu ya ridhaa, au kama hapendi kusaini, akubali kwa mdomo mbele ya shahidi nawe uandike hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe, hata kama ni mwanafunzi. Soda na nauli ndogo ya mtu aliyetoka mbali ni ubinadamu; malipo ya jibu ni kununua jibu.

Na jiandae kwa swali hili, kwa sababu litakuja. Mama mmoja atakusimulia shamba lake lilivyochukuliwa na shemeji, halafu atakutazama: "Sasa mwanangu, wewe unayesoma sheria, nifanyeje?" Hapo una kofia ya mtafiti. Huna leseni ya uwakili, huna jalada lake lote, na ushauri wako ukimpoteza siku za rufaa hutakuwepo kumfidia. Lakini kumwambia "mimi nafanya utafiti tu" ukaondoka ni kumkosea. Nenda na karatasi yenye majina na mahali pa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 katika wilaya hiyo, na wasaidizi wa kisheria wa kata. Mwambie: "Mama, mimi siruhusiwi kukushauri, ila hawa wapo kwa kazi hiyo na hawatozi. Wahi, maana haya mambo yana muda." Kisha mjulishe msimamizi. Kama chuo kina kliniki, yeye ndiye atakayeamua kama shauri lipelekwe huko.

Hatua ya 8: Kuandika

Andika sura ya matokeo kwanza, utangulizi mwisho. Weka sheria, jalada na mahojiano bega kwa bega kwenye kila hoja: kifungu kinasema hivi, majalada yanaonyesha hivi, katibu anaeleza sababu hii. Tafiti nyingi huweka kila kimoja kwenye sura yake, na havikutani popote.

Hesabu ziandikwe kwa idadi. "Asilimia 60 ya mashauri" inatisha mpaka msomaji agundue ni majalada sita kati ya kumi. Sema sita kati ya kumi. Usiitangaze wilaya moja kuwa ni nchi nzima.

Nukuu ya mhojiwa ibaki kwa maneno aliyoyatumia, hata kama tasnifu yako ni ya Kiingereza. Tafsiri iwekwe chini yake.

Mapendekezo yasizidi matatu, na kila moja liseme nani afanye nini. "Serikali itoe elimu kwa umma" ni pendekezo ambalo halijawahi kumsumbua mtu. "Halmashauri iyapatie Mabaraza ya Kata fomu moja ya cheti yenye nafasi ya tarehe ya kufikishwa kwa mgogoro na majina ya wajumbe waliokaa" linaweza kufanyika mwezi ujao bila kugusa sheria hata moja. Pendekezo la kubadilisha kifungu uliandike tu kama umeonyesha kwamba tatizo liko kwenye kifungu na si kwenye karatasi.

Hatua ya 9: Baada ya kuwasilisha

Andaa ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye ulichokuta na mapendekezo yako, ukampelekee Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa baraza la wilaya na wasaidizi wa kisheria waliokupokea. Msimamizi ausome kwanza, hasa kuhakikisha hakuna mhojiwa anayetambulika; katika kata yenye katibu mmoja wa baraza, kuandika "katibu alisema" ni sawa na kutaja jina lake.

Fomu za majalada na daftari la namba za siri zitunze mpaka matokeo yathibitishwe na chuo, kwa sababu mtahini anaweza kuomba kuziona. Baada ya hapo sauti za mahojiano, kama ulirekodi, zifutwe kwenye simu na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako simu hupeleka nakala zake yenyewe, fomu ziteketezwe kama ulivyoahidi kwenye ridhaa, na msimamizi apewe taarifa ya maandishi kwamba umefanya hivyo.